Usipumue na Vitwitwi wa Majaruba

Pale hospitalini jina lake la kwenye vyeti hakuna aliyelitumia. Tulimwita Usipumue. Alikuwa mpiga eksirei, na kutwa nzima ungemsikia akimwambia mgonjwa, "Vuta pumzi… usipumue… haya, pumua." Mimi nilikuwa karani wa mapokezi na meza yangu ilikuwa mbele ya mlango wake. Sauti ile iliniingia hadi nikawa najikuta nimezuia pumzi pamoja na watu nisiowajua.

Usipumue alikuwa mwoga. Simsengenyi, mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema. Aliogopa mbwa, lifti, radi, ngazi zisizo na vishikio, na simu inayolia kabla jua halijachomoza. Tukivuka barabara alinishika kiwiko mpaka nikabaki na alama za kucha. Mumewe, fundi friji mwenye karakana nyuma ya hospitali, alikuwa mtu wa maneno machache, na hofu za mkewe alizishughulikia kama alivyoshughulikia mashine: anasikiliza, anagusa hapa na pale, anasubiri mtetemo utulie.

Aliyemtania bila huruma ni wifi yake, dada wa huyo fundi. Alikuwa msusi mwenye saluni yake, mwanamke wa mwili na sauti, akicheka vioo vinatikisika. Nimemwona kwa macho yangu akimkimbiza kibaka huku ameshika pasi ya nywele ambayo bado ilikuwa ya moto. "Wifi," alikuwa akimwambia Usipumue, "wewe hata kivuli chako ukikutana nacho kwenye kona utakiamkia."

Mambo ya ndege yalianzia kwenye moyo. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio bila sababu, daktari akampima kila kipimo, akamwambia hana ugonjwa ila awe anatembea. Mitaani kuna mbwa. Ufukweni kuna mbwa pia, na mipira inayoruka ovyo. Akaangukia majaruba ya zamani ya chumvi, nje ya mji, ambako tuta refu linapita katikati: upande mmoja vidimbwi vya maji ya chumvi, upande wa pili tope la bahari linaloenda mpaka kwenye mikoko. Hakuna nyumba, hakuna mbwa. Kuna mlinzi mmoja na baiskeli yake. Huko ndiko alikowakuta vitwitwi, ndege wadogo wasiojaza hata kiganja, wanaokimbia juu ya tope wakidonoa harakaharaka kama sindano ya cherehani. Wingu likipita, wote wanaruka. Kijiti kikielea, wanaruka. Mlinzi akipiga chafya, wanaruka.

"Nilisimama nikawatazama," aliniambia asubuhi yake, macho yanang'aa. "Dada, nimepata wenzangu."

Akanunua kamera kuukuu kutoka kwa mpiga picha za harusi aliyekuwa amechoshwa na harusi. Ilikuwa na lenzi ndefu kama mchi. Kwa mtu kama mimi vitwitwi wote ni kijivu, basi. Hao huzaliwa mbali sana kaskazini, na wakifika kwetu wameshavua manyoya yao ya rangi na kubaki wa kijivu hadi wakaribie kuondoka tena. Yeye aliwatofautisha kwa vitu vidogo, kama alivyozoea kuona ufa mwembamba kwenye mfupa: huyu miguu myeusi, yule miguu ya kijani iliyopauka, huyu mdomo umenyooka, yule mdomo umeinama kidogo kwenye ncha kama aliyegonga ukuta. Alikuwa ananiwekea picha mbili mbele ya sahani yangu ya chakula cha mchana. "Tofauti iko wapi?" Nikatazama. "Huyu kanenepa?" "Nyusi, dada! Mtazame nyusi! Mwenzake ana mstari mmoja juu ya jicho, huyu ana miwili!"

Picha nzuri ya kitwitwi haipigwi ukiwa umesimama, kwa sababu ukisimama anaruka. Lazima ulale, jicho lako liwe usawa wa jicho lake. Ndipo mumewe alipomtengenezea chombo. Alichukua mlango wa friji bovu, akang'oa rafu na mpini, akatoboa tundu na kufunga kamba ya kuuburuta. Usipumue alilala juu ya mlango huo kwa tumbo, kamera mbele, na tope halikummeza. Mlinzi naye alimwonyesha njia: hapa chini kuna mchanga mgumu, pita; pale palipo laini, panapong'aa kama mafuta, palikuwa mkondo wa zamani, umejaa tope jepesi, hata mbuzi hatoki. Ule mkondo Usipumue aliuogopa kuliko mbwa wote wa mji. Kila alipokwenda alichomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu kandokando yake.

Mwaka ule, vitwitwi walipokuwa wanakaribia kuondoka, alimwona mmoja mwenye nyusi mbili aliyevalishwa kibendera cha plastiki mguuni. Kuna watu huko mbali huwakamata ndege hawa, huwavalisha vibendera vyenye herufi, kisha huwaachia ili wajulikane wanakopita. Usipumue alitaka kuzisoma herufi hizo kabla ndege hajaondoka. Mara mbili alimkosa. Siku hizo hakuwa akila vizuri.

Jumamosi moja asubuhi wifi yake alimkuta anafunga kamera kwenye mkoba.

"Leo nakwenda na wewe," msusi akasema.

"Kufanya nini, wifi? Utachoka."

"Unawapiga picha ndege wasiokujua hata jina, mimi wifi yako hujawahi kunipiga hata moja. Nataka picha ya kuweka mlangoni saluni. Na nimeshavaa."

Kweli alikuwa amevaa: gauni la njano, mkufu, viatu vya kamba. Usipumue hakuwa na nguvu za kubishana na mtu yule. Alimpiga picha kadhaa juu ya tuta, upepo umelijaza gauni, na msusi akaridhika. Kisha akamsihi, "Sasa wifi, nakuomba ukae hapa hapa kwenye tuta. Usishuke. Maji bado yako mbali lakini yameshageuka, mimi sikai sana. Unaviona vitambaa vyekundu vile? Usivipite."

"Nimesikia, mwalimu."

Usipumue akaburuta mlango wake wa friji hadi kwenye mchanga mgumu, akalala. Vitwitwi walikuwa wengi, wamenona kwa ajili ya safari. Na mwenye kibendera alikuwa miongoni mwao. Alimfuata kwa lenzi, akamsubiri ageuke. Akageuka. Alikuwa amebonyeza mara chache tu pale kundi zima liliporuka kwa mpigo mmoja, na nyuma yake akasikia ukelele.

Anasema kitu cha kwanza alichohisi ni hasira. "Wifi! Umewafukuza!" alipiga kelele kabla hajageuka. Akageuka. Tuta lilikuwa tupu. Msusi alikuwa kule kwenye mkondo, ng'ambo ya vitambaa vyekundu, njia ya mkato ya kuelekea kwenye mikoko, na alikuwa amekuwa mfupi. Hivyo ndivyo Usipumue alivyoniambia: "Nilimwona wifi yangu amepungua urefu."

Baadaye msusi alieleza kwamba haja ndogo ilimbana, na kwenye tuta hakuna pa kujificha. Vile vitambaa alidhani ni vya kuwatisha ndege.

Usipumue alisimama. Anasema masikio yalianza kuvuma kama friji kuukuu. Alitazama baharini. Kule mbali, pale ambapo tope lilikuwa linaishia, palikuwa na mstari mweupe mwembamba, na mstari ule ulikuwa karibu kuliko alivyouacha. Alijua kila maji yanapojaa mkondo ule ndio unaotangulia kujaa.

"Wifi, njoo!" msusi aliita. "Njoo unishike mkono, nimenasa!" Alikuwa bado anacheka kidogo. Alijaribu kuinua mguu mmoja, na ule mwingine ukazama hadi gotini. Akajaribu ule, huu ukapita goti. Kicheko kikakatika.

"Usitikisike!" Usipumue akapata sauti. "Usijitingishe kabisa!"

Akatoa simu. Kwa haraka akabonyeza jina la mtu mwingine, kinyozi wa mumewe, akakata, akabonyeza tena. Mlinzi akapokea.

"Wifi yangu kaingia mkondoni!"

"Amefika wapi?"

"Mapajani."

Mlinzi akasema kwa utulivu, "Mama, nisikilize. Niko lango la mbali, napanda baiskeli sasa hivi na kamba. Usimvute. Ukimvuta utamvunja au atakuvuta wewe. Mpe kitu alalie, alale chali, uzito utawanyike. Tope limemshika kwa sababu chini limekazana, halina maji. Maji yakifika litalegea."

"Maji yakifika atazama!"

"Yote mawili yanawezekana. Ndiyo maana naja mbio."

Simu ikakatika.

Basi yule mwanamke aliyenishika kiwiko kila tukivuka barabara akaanza kwenda kwenye mkondo. Hakutembea. Alilala juu ya mlango wa friji na kujisukuma kwa mikono na vidole vya miguu, tope likimruka usoni, kamera inaning'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua. Alikuwa analia kwa sauti. Kila alipoizamisha mikono alihisi chini hakuna kitu, ni ubaridi tu unaoshuka. Alipovipita vitambaa vyake vyekundu alitapika, akafuta mdomo, akaendelea.

Alipofika karibu, msusi alimrukia. Alimdaka mkono kwa nguvu zote za mtu aliyesuka nywele miaka mingi, akamvuta. "Nitoe! Nitoe, wifi, nakufa!" Mlango ukainama, kichwa cha Usipumue kikagusa tope, na kwa muda mfupi waliangaliana uso kwa uso, wote wawili wamepigwa na hofu ile ile. Usipumue hakuwahi kumwona wifi yake akiogopa. Anasema hilo lilimwondolea hata ile nguvu kidogo aliyobaki nayo, maana kama huyu anaogopa, basi jambo lenyewe ni kubwa kweli.

Na hapo, bila kujua atasema nini, ikamtoka sauti ya kazini.

"Vuta pumzi."

"Nini?"

"Vuta pumzi. Usipumue. Usipumue… Haya, pumua. Tena."

Msusi akatii. Mtu yeyote aliyewahi kulala kwenye meza ya eksirei anaijua sauti ile, huwezi kuikatalia. Vidole vyake vikalegea. Usipumue akateremka kutoka kwenye mlango, akajitandaza kifudifudi juu ya tope tupu, akausukuma mlango nyuma ya mgongo wa wifi yake. "Lala chali. Kama unaoshwa nywele."

"Siwezi."

"Unaweza. Kichwa nyuma. Ninakishika mimi."

Wakakaa hivyo. Mmoja chali, nusu mwili haupo. Mwingine kifudifudi pembeni yake, ameshikilia kichwa cha mwenzake kwa mkono mmoja na ukingo wa mlango kwa mkono wa pili. Vitwitwi walikuwa wamerudi, wanadonoa karibu kabisa nao, kana kwamba watu wale wawili ni magogo. Usipumue aliwasikia wanavyolia, vijisauti vyembamba. Hakuwatazama.

"Nikifa," msusi akasema, "saluni apewe yule msaidizi wangu. Siyo yule binamu yetu, ataigeuza baa."

"Hufi."

"Na lile gauni la bluu uliloniazima nikakwambia limepotea, halijapotea. Liko kabatini."

"Nilijua."

"Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Nilikuogopa."

Msusi akacheka, na kicheko kikageuka kilio.

Maji yalikuja bila sauti. Kwanza ulikuwa utando mwembamba unaong'aa, wenye povu na majani, ukipita chini ya shavu la Usipumue. Kisha yakafika kwenye kiwiko. Yalikuwa ya baridi. Mlango wa friji, ambao ndani una kile kitu chepesi cha kuzuia joto, ukaanza kuelea, ukamnyanyua msusi mabega. Kiuno kikabaki chini. Miguu haikutoka.

"Wifi, maji yamefika kifuani."

"Nayaona. Chezesha kidole gumba cha mguu wa kulia. Kidole tu."

"Hakichezi."

"Jaribu tena. Vuta pumzi kwanza."

Yakafika mabegani. Usipumue sasa hakuweza kulala, alikuwa amepiga magoti kwenye kitu kisicho na sakafu, akining'inia kwenye mlango ule ule, kidevu kimeinuliwa. Hajui kuogelea. Aliniambia kwamba wakati ule alikuwa anaiona njia ya kurudi kwenye tuta, bado ipo, na kwamba alijua baada ya dakika chache haitakuwepo. Alimwambia wifi yake achezeshe kidole.

"Kimecheza," msusi akasema. Halafu akapiga ukelele: mguu wa kulia ulitoka ghafla, bila kiatu, ukapiga maji. Ule wa kushoto ukabaki, ukamsokota mwili mzima upande mmoja, uso ukazama, ukaibuka anakohoa. Usipumue akamkumbatia kiunoni. Hapo ndipo mlinzi alipotokea juu ya tuta, baiskeli ikaanguka, na kamba ikaruka hewani, ikaangukia mbali. Akaikusanya, akairusha tena. Mara hii Usipumue aliidaka, akaipitisha kwenye tundu la mlango.

"Msivute mguu!" mlinzi alipiga kelele. "Shikeni mlango tu! Mimi nitavuta taratibu, maji yatafanya yaliyobaki!"

Alivuta taratibu sana. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, ila maji kupanda. Kisha msusi alipiga kelele ya maumivu, kelele moja kali, na mlango ukasogea. Wakavutwa juu ya maji hadi kwenye tuta, wakabaki wamelala juu ya mawe, gauni la njano halina rangi tena. Waliponyanyua vichwa, mkondo haukuonekana. Palikuwa bahari tupu.

Jumamosi ile nilikuwa zamu. Nilimwona Usipumue akiingia na tope mpaka kwenye kope, anamsukuma wifi yake kwenye kiti cha magurudumu, na nikadhani wamepata ajali ya gari. Mwenzake wa zamu alitaka kuipiga eksirei ya mguu, Usipumue akakataa, akaipiga mwenyewe. Mfupa mwembamba wa mguu wa kushoto ulikuwa na ufa. Alipomaliza kuitazama picha aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kutetemeka, na hakuna blanketi lililomtosha.

Kamera ilikufa kwa maji ya chumvi. Mumewe aliifungua kwa bisibisi zake zote, akaitazama ndani kwa siku kadhaa, akaifunga tena. Kadi ya picha ilipona. Kwenye picha moja kibendera kinaonekana vizuri, herufi mbili zinasomeka na ya tatu imefunikwa na tope. Aliwatumia wanaofuatilia ndege hao, wakamjibu kwa shukrani kwamba anaweza kuwa mmoja kati ya ndege wengi.

Usidhani hofu ilimwisha. Ilizidi. Kwa miezi hakuweza kusikia ndoo inajazwa bombani. Alitoka nje mpaka ijae. Usiku mumewe alimshika mguu, kwa sababu aliamka akisema umenasa. Na balaa jingine likaja: msusi alisimulia mkasa ule saluni kwa kila kichwa kilichokaa chini ya mikono yake, na mji mzima ukamwona Usipumue ni jasiri. Nyoka akiingia kwa jirani, "Mwiteni yule wa kwenye tope." Mtungi wa gesi ukivuja, "Mwiteni yule." Na alikwenda, kwa sababu alishindwa kuwaambia hapana. Akinitajia hayo alikuwa anataka kulia. "Dada, nitawaambiaje? Kila wanaponiita naona nakufa."

Vitwitwi waliporudi, mlinzi alimpigia simu. "Wadogo zako wamefika." Akasema ana kazi nyingi. Mlinzi akapiga tena baada ya siku chache, akasema wapo wengi kuliko mwaka jana. Akasema ana homa. Mara ya tatu alikata simu, akaniomba niende naye. Mumewe alikuja pia.

Tulisimama juu ya tuta, maji yamekupwa, yeye katikati yetu, fundi amemshika gauni kwa nyuma kama anayemshika mtoto kwenye roshani. Alikuwa na darubini ya kuazima. Niliuona mshipa wa shingo yake ukipiga. Vitwitwi walikuwa wametapakaa kule chini, na mimi niliona kijivu tu.

"Miguu myeusi," akaanza, sauti ndogo. "Miguu myeusi. Yule wa kijani. Myeusi."

Simu yake ikalia, akaruka, nasi sote tukaruka naye. Alikuwa wifi yake, na hata bila spika tulimsikia kutoka saluni.

"Uko wapi? Uko kwenye tuta? Maji yakoje?"

"Yamekupwa, wifi. Yako mbali."

"Mbali wapi? Angalia vizuri. Hapo ulipo ni mawe au udongo?"

"Mawe."

"Rudi nyuma hatua moja."

"Wifi, niko sawa."

"Nimesema rudi nyuma! Mimi nasuka huku mikono inanitetemeka, mteja wangu analalamika. Rudi!"

Usipumue akarudi nyuma hatua moja. Fundi akarudi naye, nami pia. Kisha akainua darubini.